Mchana kutwa nasaga unga, jioni nala kikombe kimoja

Kazi yangu ni kusaga unga. Huu ni mwaka wa kumi na nne tangu nilipofungua kinu changu katika mtaa wa Langas, hapa Eldoret, na kila siku watu huniletea mahindi yao, wengine kwa gorogoro na wengine kwa gunia, hadi saa moja ya usiku. Wateja wa zamani wanamkumbuka mwanamke mnene aliyekuwa akikaa karibu na mzani, ambaye hakuweza kuinua debe bila kuhema. Wateja wapya hawamjui mwanamke huyo. Wao huniona mimi, na wako wanaonong'ona kwamba nimekonda kwa sababu ya maradhi ambayo sitaki kuyataja.

Maradhi hayo sina. Mwaka wa 2021 nilipasuliwa tumbo mjini Nairobi kwa ajili ya kupunguza unene. Siku ile nilikuwa na kilo 124, ugonjwa wa kisukari, na magoti yaliyokuwa yakinililia kila nilipopanda ngazi. Tuliuza ng'ombe watatu wa maziwa, tukachukua na mkopo katika chama cha akiba na mikopo cha mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la masafa marefu. Mkopo huo tumemaliza kuulipa juzi tu. Kwa hiyo ninapokwambia, msomaji, kwamba kila jioni napima chakula changu kwa kikombe, usidhani kwamba najipamba au nafuata mitindo ya mjini. Nalinda ng'ombe watatu na deni la miaka minne.

Watu wengi hudhani kwamba mtu akishapasuliwa, basi kazi imekwisha. Kwa hakika kazi ndiyo huanza hapo. Daktari alinieleza jambo lenyewe kwa mfano wa ndizi: mfuko wa chakula, ambao ni mpana kama kibuyu, hukatwa kwa urefu wake, sehemu kubwa ikatolewa kabisa, na kinachobaki ni mrija mwembamba mfano wa ndizi. Karibu robo tatu ya mfuko, au zaidi kidogo, huondoka. Sehemu inayotolewa ndiyo hasa hutengeneza kile kichocheo cha njaa kiitwacho grelini, kilichogunduliwa na Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa mwaka wa 1999. Ndiyo maana miezi ya kwanza mtu hasikii njaa hata kidogo. Iko pia njia nyingine ya zamani zaidi, ya kuunganisha utumbo na kijisehemu cha juu cha mfuko, ambayo ilianzwa huko Iowa, Marekani, na madaktari Edward Mason na Chikashi Ito mwaka wa 1966. Mimi nilifanyiwa ile ya ndizi.

Mfuko huweza kupunguzwa kwa kisu, lakini mazoea hayapunguzwi hivyo. Hapa kwetu Uasin Gishu, nchi ya mahindi na baridi, chakula cha jioni ni ugali, na ugali wenyewe si wa kuchezea. Mgeni akija humegewa mlima. Wanariadha wetu kule Iten na Kaptagat hula ugali, na dunia nzima imewasifu, lakini wao asubuhi wamekwisha kukimbia maili nyingi kabla mimi sijafungua mlango wa kinu. Sisi wengine tunakula kama wakimbiaji na kukaa kama mawe ya mafiga. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 33 walikuwa wamezidi uzito unaofaa. Nami nilikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele.

SAA MBILI ZA USIKU

Shida yangu kubwa ilikuwa saa. Nafunga kinu saa moja, nahesabu pesa, nafagia pumba, napanda bodaboda, na nikifika nyumbani ni karibu saa mbili. Watoto wana njaa. Mimi njaa sina, ila uchovu ninao, na uchovu ndio adui. Mtu aliyechoka hatafuti chakula chema, hutafuta chakula kilicho karibu: mkate na chai ya sukari, maandazi yaliyobaki, au chipsi za pale kituoni. Vitu hivyo huteremka upesi kwenye mrija ule mwembamba, havishibishi, na uzito hurudi polepole kama mgeni aliyesahau fimbo yake. Katika mwaka wa pili nilirudisha kilo sita kwa njia hiyo. Nilipoziona kwenye mzani wangu mwenyewe wa kupimia mahindi, nilikaa juu ya gunia nikalia.

Hapo ndipo nilipoanza kupika kwa akili. Siri yangu, kama ni siri, ni siku ya Jumapili. Nikitoka kanisani nachemsha ndengu sufuria moja na maharagwe sufuria nyingine, nachemsha mboga za kienyeji, halafu kuku mmoja, namchambua minofu na kuitenga na supu yake. Vyote nagawa katika vikombe vyenye vifuniko na kuweka kwenye friji. Asiye na friji apike kwa siku moja tu, au ategemee mayai na omena kavu, ambavyo havina haja ya barafu.

Kanuni niliyopewa ni nyepesi kusema na ngumu kutii. Kwanza kabisa kula chakula cha kujenga mwili, yaani protini, kisha mboga, na ugali, kama nafasi ingaliko, uje mwisho, tonge moja kadiri ya kidole gumba. Mtu wa hali yangu anahitaji kiasi cha gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na katika kikombe kimoja hakuna mahali pa kupoteza. Yai moja lina kama gramu 6. Nusu kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina 7 au 8. Kipande cha sato chenye gramu 100, kikiisha kupikwa, kina zaidi ya 20. Hesabu hizo nimezibandika ukutani kando ya jiko, na binti yangu wa darasa la saba huzisoma kwa sauti ili kunichokoza.

Jumatatu ni mayai na managu. Nakaanga kitunguu kidogo kwa mafuta ya kijiko kimoja cha chai, natia managu yaliyochemshwa tangu jana pamoja na maziwa kidogo, kama wapikavyo Wakalenjin, ili uchungu upungue. Yakichemka navunja mayai mawili juu yake na kukoroga taratibu yasikauke. Dakika kumi, nimeketi. Yai likikauka hugeuka mpira, na mpira haupiti.

Ndengu ndizo mkombozi wa siku za uchovu mkubwa. Naziponda kwa mwiko pamoja na karoti na nyanya, natia dania na supu kidogo ya kuku, nazipasha moto, basi. Watoto hula zao na chapati; mimi nala kwa kijiko. Minofu ya kuku nayo sili kavu kamwe, kwa maana nyama kavu hukwama hapa kifuani na kukaa kama mpangaji asiyelipa kodi. Lazima iogelee katika mchuzi. Maini nala mara moja kwa juma, kwa ajili ya damu, nayo huiva upesi kuliko nyama yoyote ukiyakata membamba.

Lakini nikiulizwa ni chakula kipi kimenisaidia kupita vyote, nitasema omena, na najua wako watakaocheka. Nilipokuwa mtoto, omena ilidharauliwa kuwa chakula cha asiye na kitu. Leo naiweka juu ya nyama. Ni samaki mzima, na mifupa yake midogo ina chokaa ambayo mwili wangu unaihitaji sana. Natoa vichwa, naosha kwa maji ya moto mara tatu hadi mchanga uishe, nachemsha kidogo, namwaga maji, halafu natia nyanya nyingi, kitunguu na maji ya ndimu. Siikaangi katika mafuta mengi kama wafanyavyo hotelini. Na kwa yule ambaye amepasuliwa karibuni na bado anakula vyakula vilivyopondwa, omena iliyokaushwa vizuri husagika ikawa unga, na kijiko kimoja cha unga huo katika supu ya malenge hakimchoshi mtu. Mimi nina kinu, nasaga yangu mwenyewe, ila baadaye huwa naosha jiwe kwa bidii, maana mteja mmoja aliwahi kunirudishia unga wake wa ugali akilalamika kwamba unanuka ziwa.

Haya yote ni ya mtu aliyekwisha kupita majuma ya mwanzo. Majuma mawili ya kwanza ni vinywaji tu, halafu vyakula laini vilivyopondwa, na vyakula vigumu huja baada ya kama miezi miwili, kwa kadiri daktari wako atakavyokuruhusu. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Nangoja nusu saa baada ya kula. Mchana kutwa nanywa kidogo kidogo kutoka chupa iliyo kando ya mzani.

Tena viko vidonge, na hapa lazima nikiri kosa langu. Mfuko mdogo hauwezi kuupatia mwili vitamini na madini yote, hivyo mtu hutakiwa kumeza vidonge maisha yake yote. Mimi katika mwaka wa pili nilijiona mzima nikaviacha. Nywele zilianza kutoka kwa mafungu, vidole vikafa ganzi, na siku moja kizunguzungu kilinishika karibu na mkanda wa mashine inayozunguka. Kijana ninayefanya naye kazi ndiye aliyenivuta nyuma. Damu ilipopimwa ilionekana kwamba madini ya chuma yamepungua na vitamini B12 pia. Tangu hapo vidonge vyangu hukaa ndani ya kikombe cha chai, ili nisiweze kunywa chai bila kuvigusa.

MAVYAA NA SAHANI

Ugumu mwingine haukuwa wa jikoni kwangu bali wa jikoni kwa mavyaa wangu, anayekaa Mosoriot. Mara ya kwanza kumtembelea baada ya upasuaji, aliniandalia kimnyet ya moto, nyama na mboga. Nilikula vijiko vitano nikaweka mkono kifuani.

"Mwanangu," akaniambia, "nani amekukataza chakula changu?"

"Hakuna, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hata mtoto wa mwaka mmoja hula zaidi ya hapo."

Niliona aibu, nikala. Nilikula tonge la pili, na la tatu, na vipande vya nyama, kwa ajili ya heshima. Halafu nikatoka nje na kusimama nyuma ya ghala ya mahindi, jasho likinitoka, mate yakinijaa, hadi kila kitu kikarudi. Alinikuta pale. Hakusema neno. Alinishika mgongo kama anavyoshikwa mtoto mgonjwa, na nadhani alikuwa akiamini yale waliyokuwa wakiyanong'ona wateja wangu.

Jioni ile nilimweleza yote, tangu ng'ombe waliouzwa mpaka ndizi ya daktari. Ng'ombe alikuwa ameambiwa kwamba walikufa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: "Na maziwa, unaweza kunywa?"

Maziwa naweza, hasa yaliyoganda. Mursik yake huitengeneza katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, nayo ina rangi ya kijivu na ladha ya moshi, kama ile wanayonyweshwa wanariadha wanaporudi na medali. Kikombe kimoja kina kama gramu 8 za protini, na siku ambazo sina nguvu hata za kuwasha jiko, hicho ndicho chakula changu pamoja na yai la kuchemsha. Siku hizi, kila Alhamisi, makanga wa matatu itokayo Kapsabet husimama mbele ya kinu na kuniteremshia kibuyu kimoja kilichofungwa kwa kitambaa. Mavyaa humpa maagizo asikilaze. Na siku nikienda kwake, huniletea chakula katika kikombe cha bati cha kijani, kile alichokuwa akimlishia mume wangu utotoni, akakijaza hadi ukingoni, akaketi kando yangu na sahani yake, tukala pamoja.

Leo nina kilo 83. Katika friji zimebaki ndengu vikombe viwili na omena kidogo, na magunia ya wateja yaliyopangwa mlangoni bado ni saba.