Je, Wajua? Mto Mzuri ni Hewa

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya mto unaoulalia ni hewa? Kitu kilichojazwa ndani, kiwe sufi, manyoya, sponji au fiba, kazi yake ni kuishika hewa hiyo isikimbie kichwa kinapoelemea. Wengi wanaopenda kupamba vitanda wanalisahau hili. Wananunua foronya za satini na za lesi, wanaivisha mito iliyosinyaa, halafu wanashangaa mbona kitanda hakijafanana na cha hoteli.

Kwetu pwani, bingwa wa kushika hewa ni sufi. Matunda ya msufi yakikauka hupasuka, na ndani hutokeza sufi yenye mng'ao. Kwenye pamba, nyuzi huota juu ya mbegu yenyewe, ndiyo maana kuna viwanda vya kuichambua. Nyuzi za sufi zimeota kwenye ukuta wa ndani wa tunda, mbegu zimelala tu katikati. Kwa hiyo fimbo inatosha: unaichapa sufi taratibu, na mbegu nyeusi zinadondoka zenyewe chini. Ila funga khanga puani na mlango uwe umefungwa, maana upepo mdogo tu unatosha kuijaza sufi nyumba nzima.

Wepesi huo una sababu. Kila uzi wa sufi ni mrija: ndani kuna uwazi mtupu, na ukuta wake ni mwembamba sana. Kwa nje umepakwa nta ya asili, maji hayaupenyi kwa urahisi. Ndiyo maana zamani majaketi ya kuokoa maisha baharini yalijazwa sufi. Nyingi ilitoka kisiwa cha Java, na Wajapani walipokiteka mwaka 1942, Marekani ilikosa sufi ya wanamaji wake. Mwaka 1944 watoto wa shule huko walitumwa porini kuchuma maganda ya mmea wa kienyeji wenye utomvu mweupe, ambao mbegu zake zina manyoya mepesi yanayoelea vilevile. Kitu tunacholalia bila kukifikiria kiliwahi kutafutwa kwa ajili ya vita!

Poliesta ilibuniwa Uingereza mwaka 1941, na baadaye ikaingia kwenye mito kwa jina ambalo sote tunalijua madukani: fiba. Fiba nzuri nayo ina nyuzi zenye uwazi ndani, kanuni ileile ya msufi. Mto wake hufuliwa kwa maji na kukauka haraka, jambo ambalo sufi haiwezi. Sufi ikiloweshwa hushikana mabonge.

Sasa tuje kitandani. Siri ya kwanza ya mto wa pambo ni kuuvisha foronya ndogo kuliko wenyewe. Mto wa sentimita 50 kwa 50 uingie kwenye foronya ya 45 kwa 45. Kitambaa kitatanuka, pembe zitajaa, na mikunjo yote itapotea. Foronya ikiwa sawasawa na mto, pembe nne hubaki tupu na kulegea hata kama kitambaa ni cha bei mbaya.

Siri ya pili ni hesabu ya upana. Kitanda cha sita kwa sita kina sentimita 183 hivi. Mito miwili ya kulalia yenye urefu wa sentimita 75 hukaa sambamba na kuacha nafasi kidogo kila upande. Nyuma yake simamisha mito mikubwa ya mraba ya sentimita 65, mitatu, ikipandiana kidogo. Kwenye kitanda cha tano kwa sita miwili inatosha. Mbele weka mmoja tu wa rangi kali, basi. Mimi naamini kitanda chenye mito sita iliyojaa kinalipita mbali lundo la mito kumi na miwili, ambayo kila usiku lazima itafutiwe pa kuwekwa. Midomo ya foronya igeuzwe upande usioonekana ukiingia mlangoni.

Huo mto mmoja wa mbele usiuagize mbali. Khanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na ushee, hivyo inatoa foronya tatu za 45. Mwambie fundi cherehani akate ule mji wa khanga uangukie katikati kabisa ya foronya moja, na pindo litengeneze ukingo. Hakuna duka la vitu vya ndani litakalokuuzia kitu chenye hadhi hiyo.

Huenda umeona pichani mito iliyobonyezwa juu kwa kiganja hadi ikawa na masikio mawili. Bonyezo hilo linakaa kwenye manyoya, kwa sababu vipande vyake vinasogea na kubaki pale vilipohamia. Sponji hurudi papo hapo, kwa hiyo usijisumbue. Na sponji ya vipande huonyesha vinundu vyake hata chini ya kitambaa kizuri. Sufi hubonyea kwa upole, na ukizishika pembe mbili na kuutikisa mto kila asubuhi, hewa hurudi ndani.

Tatizo letu sisi wa pwani ni unyevu. Kwenye mto hukaa utitiri wa vumbi, wadudu wasiofika hata nusu milimita, wanaokula magamba ya ngozi yetu. Hawanywi maji, huyafyonza kutoka hewani, kwa hiyo chumba chenye unyevunyevu ni karamu kwao, na kinyesi chao huwasha pumu kwa wenye mzio. Foronya zifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60. Mto wa sufi wenyewe uanikwe kwenye jua kali, ugeuzwe mchana, uchapwe jioni. Ukiutoa juani utauona umevimba: unyevu umetoka, nyuzi zimeachana.

Na kabla hujanunua foronya mpya, ukunje mto wa fiba katikati, uubane, kisha uuachie. Ukifunguka wenyewe, una maisha bado. Ukibaki umejikunja, fedha ya lesi iende kwanza kwenye mto.