Kuishi na Figo Moja: Usharika Unavyoweza Kusaidia

Tunapotembelea sharika tunakutana na wagonjwa wa saratani ya figo wanaoahirisha upasuaji, wakidhani mtu hawezi kuishi na figo moja. Tunapenda kuwatoa hofu: figo inayobaki, ikiwa nzima, inatosha kusafisha damu.

Kabla ya upasuaji mgonjwa hupimwa damu, mkojo na CT-Scan. Amweleze daktari dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na aache sigara. Ndugu wajiandae kuchangia damu.

Baada ya upasuaji aanze kutembea mapema, kidogo kidogo, ili damu isigande miguuni. Kwa takriban wiki 6 asilime wala kubeba ndoo au kuni. Asinywe diklofenaki wala ibuprofeni bila ushauri wa daktari, kwani zinaweza kuidhuru figo iliyobaki. Apimwe shinikizo la damu na asikose kliniki, maana saratani inaweza kurudi.

Lakini mama atapumzikaje wiki 6 ikiwa nyumbani hakuna wa kuchota maji? Tunaziomba kamati zipange zamu za maji na shamba, na wafadhili wetu wakumbuke nauli za kliniki.