Sinema za Zamani na za Sasa Katika Soko la Morogoro

Katika maduka madogo yanayolizunguka Soko Kuu la Chifu Kingalu na kituo cha mabasi cha Msamvu, ambamo kijana mwenye kompyuta humjazia mshitiri sinema katika flashi au memori kadi kwa malipo machache, mkulima aliyeteremka kutoka Mgeta na kabichi zake, au kutoka Kinole na ndizi zake, huweza kuchagua kabla ya kupanda tena mlimani baina ya filamu za Kihindi, za Kichina, za Marekani na za kwetu. Na miongoni mwa hizi za kwetu, zile za mwigizaji marehemu Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, zingali zikiulizwa. Ile hoja kongwe ya barazani, kwamba sinema za zamani ni bora kuliko za sasa, si hoja ya mapenzi peke yake, madhali bidhaa iliyotengenezwa zaidi ya miaka 10 iliyopita ingali inashindana na ya jana. Nayo inatulazimu kuuliza si ubora tu, bali pia nani anayefaidi.

Watetezi wa zamani hutaja filamu za Kihindi kama Awara ya mwaka 1951, Mother India ya 1957 na Sholay ya 1975, na wenye kumbukumbu ndefu zaidi huitaja Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ambamo aliigiza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Hawakosei kuzipenda. Walakini lipo jambo la kibiashara ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni kwamba nakala ya filamu ya milimita 35 ilikuwa kitu kizito na cha gharama, ikiletwa bara katika mikebe ya bati baada ya kwisha kuonyeshwa Dar es Salaam, na hakuna tajiri mwenye akili timamu ambaye angekubali kulipia nauli ya filamu iliyokwisha kuonyeshwa huko mbele ya viti vitupu. Kwa hiyo mtazamaji wa miji ya bara alipelekewa zilizochujwa, kisha miaka ikazichuja mara ya pili, hata leo anayelinganisha zamani na sasa huziweka chache zilizosalia katika mizani dhidi ya rundo zima la mwaka huu, mizani isiyokuwa na insafu.

Pamoja na hayo, zamani ile ilikuwa na nidhamu yake ambayo naitamani. Mtu alilipa kiingilio mlangoni kabla hajaona kitu, akaketi gizani pamoja na mamia ya wenzake, na maneno yao ya asubuhi ya pili, sokoni na kazini, ndiyo yaliyoijaza ama kuiangamiza filamu hiyo usiku uliofuata. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilikuja kukabidhiwa uingizaji na usambazaji wa filamu, na mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yakatwaliwa na serikali, majumba kadhaa ya sinema yakiwamo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa nayo tangu 1974. Lakini milango ya uchumi ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mikanda ya video iliingia na vibanda umiza vya kuonyeshea video vikaota hata vijijini, na majumba makubwa yakafa moja baada ya jingine.

Vibandani ndimo zilimosikika filamu za kigeni zilizosimuliwa upya kwa Kiswahili na watu kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Na kutoka katika hadhira hiyo ndipo lilipopatikana soko la filamu zetu za video. Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Otieno Tyson, ambaye mauti yalimkuta barabarani huko Gairo, katika mkoa huu wa Morogoro, mwaka 2014, iliwaonyesha wafanyabiashara kwamba hadithi ya Kiswahili hununulika. Baada yake Kanumba alivuka mipaka kwa Dar 2 Lagos ya 2006, na wasambazaji wa Dar es Salaam wakaingia kwa fedha taslimu.

Hapa ndipo yalipo maradhi, nami nitakaa hapa kidogo. Msambazaji hakuikodi filamu. Aliinunua masta yenyewe, yaani nakala mama, jumla na haki zake zote, kwa malipo ya mara moja. Mtayarishaji aliyekwisha kupokea ujira wake hakuwa na sababu ya kujali kama filamu itadumu mwaka mmoja au miaka 20, kwani kila siku aliyoongeza ya kupiga picha ilipunguza faida yake, na kwa hiyo alipiga upesi, katika nyumba ya kuazima, kwa taa haba na sauti yenye kelele za barabarani. Msambazaji naye, akifukuzwa na maharamia waliodurufu diski kabla wino wa kava haujakauka, alihitaji majina mapya kila wiki, na hadithi ya saa moja na nusu ikanyoshwa hata ikawa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja ikiuzwa peke yake. Stempu za Mamlaka ya Mapato, zilizoanza mwaka 2013, zilikusudiwa kuzihesabu nakala halali. Illa haramia hakwenda kununua stempu, na muda si mrefu diski zenyewe zikapitwa na memori kadi. Uduni ambao kwao watu huwalaumu waigizaji ulianzia katika mkataba.

Kwa upande wa ufundi, nasema bila kusita kwamba za sasa zilizo bora zimezipita za zamani. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, ina picha na utulivu ambao filamu za enzi ya masta hazikuukaribia; na Binti ya Seko Shamte ilikuwa ya kwanza kutoka Tanzania kuingia Netflix. Lakini vijijini katika milima ya Uluguru hakuna ukumbi wa kulipa kiingilio, na wenye kulipia Netflix huko ni nadra. Soko la kweli la mlimani ni kisimbuzi, yaani Azam TV, iliyoanza Desemba 2013 na ina chaneli ya Sinema Zetu, pamoja na Maisha Magic Bongo na tamthilia zake. Na chaneli hizi, zenye saa 24 za kujaza kila siku, huzirudisha hewani sinema za zamani mara kwa mara, ilhali aliyekwisha kuuza masta hapati kitu.

Mfano wa njia nyingine upo papa hapa mlimani: katika desturi ya Waluguru ardhi ilikuwa mali ya ukoo wa upande wa mama, na mgeni aliyepewa kipande cha kulima alimtolea mkuu wa ukoo ngoto, bila ardhi yenyewe kutoka mikononi mwa wenyewe. Lau wasanii wetu wangalizikodisha filamu zao kwa namna hiyo, kila kurudiwa kwake hewani kungaliwaletea kitu, wao ama warithi wao. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 huilinda filamu kwa miaka 50, na kwa hesabu hiyo Girlfriend ya 2003 ina ulinzi hadi 2053. Fauka ya hayo, tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 imewekwa tangu mwaka 2023 juu ya thamani ya vifaa vya kurekodia na kudurufia kazi za sanaa, ili kwamba hata memori kadi iliyojazwa Msamvu imchangie mwenye kazi. Mgawo wake wa haki utahitaji kwanza daftari la nani anamiliki filamu ipi, na daftari hilo haliwezi kuandikwa pasipo kuzifungua tena hati za mauzo za enzi ya masta na kuzisoma, moja baada ya moja, mbele ya waliozitia saini.