Ukungu Ukutani na Kifua cha Mtoto

Mwezi huu tuzungumzie ukungu, ule unaoota ukutani na kwenye nguo wakati wa mvua. Wengine huuita koga. Kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, tunaletewa watoto wanaokohoa usiku kucha na kupiga miluzi kifuani, na dawa huwatuliza siku chache tu. Tukiuliza mtoto analala wapi, mara nyingi jibu ni lile lile: chumba cha chini.

Aliyewahi kupanga katika vilima vya Mwanza anakijua chumba hicho. Ili kupata uwanja, fundi amechimba ubavu wa kilima, na ukuta wa nyuma umeegemea udongo mpaka usawa wa dirisha, pengine mpaka juu. Mvua ikinyesha, udongo hunywa maji yanayoshuka kilimani na kuyapitisha kwenye tofali. Kodi yake ni nafuu, ndiyo maana wenye watoto hukimbilia hapo.

Ukungu ni kiumbe hai. Ukipata unyevu na chakula kidogo tu, kama vumbi, mbao au ngozi ya viatu, unaota. Hutoa mbegu ndogo mno ambazo huruka hewani nasi tukazivuta. Mwenye pumu hubanwa kifua. Asiye na pumu aweza kupata mafua yasiyokoma na macho ya kuwasha. Lakini ule unga mweupe chini ya ukuta, unaoyeyuka ukimwagiwa maji, si ukungu. Ni chumvi iliyoletwa na maji, na ni ishara kwamba maji yanapita humo.

Kabla ya kununua rangi, yafaa tujue maji yanatoka wapi. Futa ukuta ukauke, kisha bandika kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa ukurasa wa gazeti, ukizibe pande zote 4 kwa selotepu. Kiache siku 2. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni mvuke wetu wenyewe: pumzi, sufuria na nguo mbichi. Ukikuta maji nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani.

Mvuke dawa yake ni hewa. Tufungue mlango na dirisha kila siku mvua inapotulia, tufunike sufuria, tuanike nguo nje, na kitanda kikae shubiri moja kutoka ukutani. Tunajua wengi hufunga dirisha kwa hofu ya wezi, na hofu hiyo si ya bure. Nondo na wavu husaidia.

Maji ya ukutani hayaponi kwa kazi ya ndani. Yahitaji mtaro nyuma ya nyumba, bati lenye mfereji wa kupeleka maji mbali, na udongo uliorundikwa ukutani uondolewe. Rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo hupendeza kwa muda mfupi, kisha huvimba na kubanduka. Chokaa ni bora, maana huacha ukuta upumue, na ukungu hauipendi.

Kuusafisha, loanisha kwanza, kwani kuusugua mkavu ni kuzirusha mbegu. Funga kitambaa puani, tumia maji ya sabuni na brashi, kausha. Mwenye pumu asiifanye kazi hii. Ukitumia klorini ya kufulia nguo nyeupe, usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo. Hutoa hewa inayounguza mapafu.

Sasa jambo linalotutisha kuliko ukungu wenyewe. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kukausha ukuta, wakafunga mlango na kulala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kabonimonoksaidi. Haina harufu wala rangi, na mkaa usiotoa moshi hutoa sumu hiyo hiyo. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hulala asiamke. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje haraka, kisha mkimbize hospitali hata kama amezinduka.

Tusikisingizie chumba kila kikohozi. Ukungu hauleti kifua kikuu, ila chumba kisicho na hewa husaidia kifua kikuu kuambukiza walalao pamoja. Anayekohoa wiki 2 au zaidi aje apimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Na mwenye nyumba? Wengi wamekwisha kulipa kodi ya miezi 6, hawawezi kuhama kesho. Mwoneshe ile nailoni yenye maji nyuma yake, maana ni vigumu kubishana nayo, na mkubaliane kwa maandishi nani alipie mtaro na kama gharama itakatwa kwenye kodi. Akikataa, hamisheni vitanda kwanza: watoto walale chumba cha mbele, na madumu na masufuria ndiyo yakae chini.