KIKUNDI CHA BUSTANI HUISHI KWA MBEGU



Tukitembelea vikundi vya bustani huku upande wa Ogwedhi, swali la kwanza tunalopata, hata kabla hatujapewa kiti, ni hili: "Mtatuletea mbegu lini?" Tumelisikia miaka mingi. Na lazima tukiri: ni sisi wenyewe tuliolifundisha. Kila mvua ilipokaribia tulikuja na pakiti za sukuma wiki na kabichi, tukagawa, tukapigiwa makofi, tukaenda zetu. Mwaka fulani pesa za mradi zikaisha. Tulienda mikono mitupu, na bustani moja ya kikundi ikalala msimu mzima bila kupandwa.

Kikundi hicho kilikuwa na akina mama ishirini na wazee wawili. Watu walikuwepo, majembe yalikuwepo, shamba lilikuwa karibu na kijito. Kilichokosekana ni mbegu ya kujaza viganja viwili. Tangu siku hiyo tumebadilisha mafundisho yetu, na makala hii inaeleza tuliyojifunza pamoja nao.

Bustani mbili, si moja

Katika boma la Mjaluo kila mama ana orundu, yaani kipande kile nyuma ya nyumba yake. Mashamba makubwa huenda yakapandwa miwa au tumbaku, na pesa yake ikawa na mwenyewe. Lakini orundu ni ya mama, na chungu cha jioni hutoka huko. Basi kikundi kisije kikaharibu orundu. Tumeona vikundi ambapo mama analima shamba la kikundi siku tatu kwa wiki, huku nyuma ya nyumba yake magugu yamefika magotini. Kikundi cha namna hiyo hakidumu, maana watoto hawali mikutano.

Utaratibu unaofaa ni huu. Bustani ya kwanza ni ya nyumbani, na wanakikundi husaidiana kuilima kwa zamu, kama wanavyozungusha pesa katika nyoluoro. Wiki hii wote kwa fulani, wiki ijayo kwa mwingine. Bustani ya pili ni ile ya pamoja, ndogo tu, na kazi yake ni tatu: kuwa kitalu cha miche, kuwa mahali pa kujifunza, na kutunza mbegu. Kazi hii ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo tunataka kuieleza leo.

Mboga zetu zilivyokuwa zikipotea

Msimu ule uliokosa mbegu, dani mmoja mwenye umri mkubwa alileta kibuyu alichokuwa amekitundika juu ya jiko. Ndani yake mlikuwa na mbegu za dek zilizochanganywa na jivu. Akagawa kijiko kimoja kimoja. Watu walifurahi, wakapanda. Mbegu ikaota vizuri, lakini kabla mboga haijachumwa mara tatu ikatoa maua na kukomaa. Wengine wakasema udongo umechoka. Wengine wakasema ni jua.

Kumbe sababu ilikuwa mikono yetu wenyewe. Fikirini tunavyochuma. Mmea wenye majani mapana na laini ndio tunaouendea kila siku mpaka unabaki kijiti. Mmea dhaifu, wenye majani madogo na uliowahi kutoa maua, tunauacha. Ule ulioachwa ndio unaozaa mbegu, na mbegu hiyo ndiyo tunayopanda mwaka unaofuata. Tukifanya hivyo miaka kumi, tunakuwa tumechagua mboga mbaya kwa uangalifu kabisa! Mfugaji hachinji fahali wake bora akabakiza kilema azalishe. Lakini kwenye mboga sisi sote tumefanya hivyo.

Kitambaa chekundu

Kikundi kikaamua jambo rahisi. Mboga ikifika magotini, kabla haijaanza kuchumwa sana, wanachama hupita kwenye tuta pamoja na kuchagua mimea bora: yenye majani mengi, isiyo na wadudu, na inayochelewa kutoa maua. Kila mmea uliochaguliwa hufungwa kitambaa chekundu. Huo hauchumwi. Si na mwenyekiti, si na mgeni, si hata na sisi tukija.

Msichague mmea mmoja tu. Dek huchavushwa na wadudu kutoka mmea hadi mmea, na ukichukua mbegu ya mmea mmoja au miwili kila mwaka, kizazi chake hudhoofika. Wekeni vitambaa kwenye mimea ishirini hivi, na mchanganye mbegu zake. Kama dek inayotoa maua mapema iko karibu, ing'oeni mle, ili isichavushe zile bora.

Namna ya kuvuna kila mbegu

Osuga (managu): Acheni matunda yaive kabisa yawe na rangi yake ya kukomaa. Yapondeni ndani ya maji, yaacheni usiku kucha, kisha oshani mpaka mbegu nzito zibaki chini. Zikausheni kivulini juu ya kitambaa au sahani, si juani kwenye bati. Na watoto wasile matunda mabichi ya kijani, yana sumu.

Dek (saga): Kateni maganda yanapogeuka manjano, kabla hayajapasuka na kumwaga. Mbegu mpya ya dek hulala. Ukiipanda papo hapo haioti vizuri, ukadhani imeharibika. Iwekeni miezi mitatu au zaidi kwanza.

Apoth (mrenda): Mbegu yake ina ganda gumu. Siku ya kupanda, ifungeni kwenye kitambaa, itumbukizeni kwenye maji yanayokaribia kuchemka, hesabuni mpaka kumi, toeni. Msipitishe hapo, mtaipika.

Boo (kunde): Adui yake ni dumuzi. Zikaukeni sana, kisha zichanganyeni na jivu safi lililochekechwa, mjaze chombo mpaka juu na kufunga.

Mbegu zote zinaogopa vitu viwili: unyevu na joto. Mfuko wa plastiki wenye mbegu ambayo haijakauka ni kaburi. Kibuyu, chupa kavu au mkebe wenye kifuniko unafaa. Andikeni jina la mboga na mwezi wa kuvuna.

Kabla ya kupanda, zipimeni. Wekeni mbegu kumi ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa wiki moja. Zikiota saba au zaidi, ni nzuri. Zikiota tano, pandeni mara mbili ya kawaida. Zikiota mbili tu, tafuteni nyingine kabla mvua haijafika, si baada yake.

Benki ya kijiko

Mbegu ya pamoja huwekwa na watu wawili, katika nyumba mbili tofauti. Nyumba moja ikiungua au panya wakiingia, nyingine inabaki. Mwanachama hukopa kijiko kimoja na kurudisha viwili baada ya mavuno. Katibu huandika kwenye daftari: nani, mbegu gani, lini. Hakuna riba nyingine wala faini ya pesa.

Si jambo geni. Nchi yetu ina benki ya mbegu pale Muguga tangu 1988, na huko Norway kuna ghala la mbegu za dunia nzima lililofunguliwa 2008 ndani ya mlima wenye barafu. Wataalamu wanafanya kwa majokofu kile ambacho dani alifanya kwa kibuyu na moshi. Tofauti ni kwamba Muguga ni mbali, na kibuyu kiko kwa jirani.

Wengine bado wanaona osuga na dek ni mboga za umaskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, Mkenya mwenzetu, ametumia miaka mingi kuzifanyia utafiti mboga za kienyeji, na amesaidia kuonyesha kwamba nyingi zina madini na vitamini kuliko kabichi. Mama mjamzito na mtoto mdogo wanazihitaji.

Siku kitambaa kilipofunguliwa

Tusije tukawafanya mfikiri mambo yalikwenda laini. Mwezi wa pili, kiangazi kikali, asubuhi moja mimea minne yenye vitambaa ilikutwa imechumwa yote. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya jiwe. Mkutano ukawaka moto. Wengine walitaka mwizi afukuzwe, wengine walitaka jambo lipelekwe kwa chifu. Ndipo mama mmoja akasimama mwenyewe, akasema, "Ni mimi. Watoto walilala bila kitu siku mbili."

Palikuwa kimya. Kisha dani yule wa kibuyu akauliza: "Mbona sisi majirani zake hatukujua?" Swali hilo liligeuza mkutano. Hawakumfukuza. Waliongeza tuta moja kwenye bustani ya pamoja, karibu na maji, na kulipa sheria yake: mwenye shida huchuma hapo bila kuomba na bila kuandikwa. Tangu hapo hakuna kitambaa kilichoguswa. Sisi tulijifunza kwamba huwezi kumwambia mwenye njaa atunze mbegu kama hujampa namna nyingine ya kula leo.

Majirani zetu wa ng'ambo

Ogwedhi ni mpakani, Trans Mara iko hapo tu, na sokoni tunakutana Wajaluo, Wamaasai, Wakuria na Wakisii. Ng'ombe kuingia bustanini kumewahi kuleta ugomvi mkubwa kuliko thamani ya mboga. Kikundi kilienda kuongea na wafugaji wa karibu kabla ya kiangazi, si baada ya hasara. Walikubaliana njia ya ng'ombe kwenda majini, na kikundi kikapanda ua wa miiba upande huo. Sasa samadi hutoka kwa wafugaji, na mboga na miche huenda kwao. Samadi mbichi isiwekwe kwenye miche, itaiunguza. Ilundikeni na majani makavu miezi mitatu kwanza.

Je, sheria inasemaje?

Wengi wanaogopa, na walikuwa na sababu. Sheria ya mbegu iliyorekebishwa 2012 ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa, na adhabu ingeweza kufika miaka miwili jela au faini ya shilingi milioni moja. Mwaka 2022 wakulima wadogo kumi na watano walienda Mahakama Kuu ya Machakos kupinga. Mwezi wa Novemba 2025 mahakama hiyo iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kutunza na kubadilishana mbegu zao vinakwenda kinyume cha Katiba. Lakini hukumu hiyo si ruhusa ya kudanganya jirani. Ukimpa mtu mbegu, mwambie ukweli: ni ya lini, na umeipima ikaota ngapi.

Kuhusu kikundi chenyewe, jisajilini kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Muwe watu kumi au zaidi, na muwe na katiba. Hata kurasa mbili zinatosha, mradi kila mwanachama amesomewa kwa lugha anayoielewa.

Kalenda fupi

Januari na Februari: kupima mbegu, kulundika samadi, kurekebisha ua, kumwagilia tuta la wenye shida.
Machi hadi Mei, wakati wa chwiri: kupanda, kulima kwa zamu, kufunga vitambaa.
Juni hadi Agosti: kuvuna na kukausha mbegu, kurudisha vijiko.
Septemba hadi Novemba, wakati wa opon: kupanda tena, kuuza mboga za ziada sokoni.
Desemba: kusoma daftari la mbegu na la pesa mbele ya wote, kuchagua viongozi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni mboga gani ambayo bibi zetu walipanda na sisi hatuna tena? Nani katika kata yetu bado ana mbegu yake?
2. Msimu uliopita, tulichukua mbegu kutoka mimea gani: bora au iliyoachwa?
3. Mwanachama akikosa chakula leo jioni, jirani yake atajua vipi?
4. Sisi wa ofisini tusipokuja mwaka ujao, mtapanda nini?

Jadilini swali la nne kabla ya mengine, na mkitupatia jibu, hatutaudhika.