Lawama za utasa si za mke peke yake

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakusema lolote juu ya uchungu wa yule asiyejaliwa mwana, labda kwa sababu huo haukuwa na mtu wa kuusikiliza.

Huko Migwani, kwenye barabara itokayo mjini Kitui kupitia Kabati kuelekea Mwingi, mwanamke akishaolewa huanza kuhesabiwa miezi. Mwaka wa kwanza ukipita bila dalili ya mimba, majirani hunong'ona kisimani. Mwaka wa pili, mavyaa huuliza waziwazi. Mwaka wa tatu, mke hupelekwa kwa mganga huyu na yule, hunyweshwa mizizi na kuulizwa alifanya nini ujanani mwake.

Katika muda huo wote, ni nadra kumpata mtu wa kuuliza swali moja dogo: je, mume amepimwa?

Mambo haya si ya Migwani pekee. Ingia katika ploti yoyote ya Pipeline au Umoja jijini Nairobi, ambako Mkamba amepanga chumba ukuta kwa ukuta na Mluo, Mgusii, Mgiriama na Mkikuyu. Majirani hao hawasemi lugha moja, hawapiki chakula kimoja na wala hawaswali mahali pamoja. Lakini wakisikia kwamba fulani na mkewe hawajapata mtoto, wote hugeuza macho upande mmoja. Humtazama mke.

Dhana hii si ya kufanyiwa mzaha, kwa maana ina madhara makubwa. Mnamo Julai 2016, nchi nzima ilishtushwa na habari kutoka Masii, katika kaunti ya Machakos, ambako mwanamke kijana alikatwa mikono yote miwili kwa panga. Mumewe alikamatwa na kufikishwa mahakamani. Vyombo vya habari viliripoti kwamba wawili hao walikuwa wameishi miaka kadhaa bila mtoto, na kwamba vipimo vya hospitali vilikuwa vimeonyesha tatizo liko kwa mume.

Wengi hawakatwi mikono. Hupigwa, hufukuzwa, huletewa mke mwenzao bila kuulizwa, au hunyimwa sehemu ya shamba mume anapofariki. Makosa yao ni kwamba mtu fulani aliamua bila kupima.

SAYANSI YASEMAJE?

Shirika la Afya Duniani husema wawili wana tatizo la uzazi ikiwa mimba haijapatikana baada ya kukutana mara kwa mara kwa miezi 12 bila kutumia kinga yoyote. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, shirika hilo lilieleza kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani hukumbwa na tatizo hili wakati fulani maishani. Nchi tajiri na nchi maskini hazikutofautiana sana.

Kuhusu ni nani mwenye tatizo, madaktari wana jibu ambalo lingefaa kubandikwa katika kila soko: katika takriban nusu ya visa vyote, mwanamume ana mchango wake, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Kwa upande wa mke, tatizo laweza kuwa mirija ya uzazi iliyoziba, mayai yasiyokomaa kwa sababu ya hitilafu ya homoni, uvimbe katika mfuko wa uzazi, au umri. Mirija mara nyingi huzibwa na makovu ya magonjwa ya zinaa kama vile kisonono na klamidia yasiyotibiwa mapema. Klamidia ni adui wa kimyakimya, kwani wanawake wengi walio nayo hawaoni dalili yoyote. Wapo pia walioambukizwa na waume wao wenyewe, kisha wakaitwa tasa na waume hao hao.

Kwa upande wa mume, mbegu zaweza kuwa chache mno, dhaifu zisizoogelea, zenye maumbo mabovu, au zisiwepo kabisa. Yapo mambo mengi yanayoweza kuleta hali hiyo. Kuna vena zilizovimba katika mfuko wa korodani, korodani ambazo hazikushuka utotoni, mirija iliyozibwa na kisonono, na matubwitubwi yaliyompata mtu baada ya kubalehe. Tumbaku, ulevi wa kupindukia na joto jingi la kila siku sehemu za siri pia hupunguza mbegu.

Hapa kuna jambo ambalo wanaume wengi hawalijui. Nguvu za kiume na uwezo wa kutia mimba ni vitu viwili tofauti. Mwanamume aweza kuwa shababi asiye na kasoro yoyote chumbani, na maji yake yawe ya kawaida kwa macho, lakini yasiwe na hata mbegu moja. Jambo hilo hujulikana kwa darubini tu.

Wala kuwa na mtoto wa zamani si cheti. Mwanamume aliyezaa akiwa na miaka 22 aweza kupoteza uwezo huo kwa ugonjwa alioupata baadaye.

NYUMBA YA IWETO

Wazee wetu hawakukaa tu bila kutafuta njia. Jamii ya Wakamba ina desturi ya iweto. Bibi ambaye hakujaliwa mtoto, au hakupata mtoto wa kiume wa kurithi boma, huweza kutoa mahari na kumwoa msichana. Msichana huyo ndiye iweto. Huzaa na mwanamume mwingine, lakini watoto huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule bibi, hubeba jina la nyumba hiyo na kurithi shamba lake.

Wakamba hawako peke yao. Wanandi, Wakipsigis na Wagusii wanayo desturi ya namna hiyo, na Wakurya wa mkoa wa Mara nchini Tanzania huiita nyumba ntobhu. Mwaka 2011, Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hii ya Kinandi katika kesi ya urithi.

Desturi hii ina wema wake. Imewaokoa wajane wengi ambao bila mtoto wangefukuzwa na mashemeji katika shamba walilolilima maisha yao yote. Ilimpa mwanamke nafasi ya kuwa mkuu wa boma, jambo ambalo wengi hudhani halikuwezekana katika jamii zetu za zamani.

Hata hivyo, tukiitazama kwa jicho la afya, tutaona kasoro. Mtoto anapokosekana, nyumba huongezewa mwanamke mwingine, naye mume hubaki bila kuguswa. Ni vivyo hivyo kwa mwanamume anayeoa mke wa pili ili ajaribu bahati. Huyo naye asipozaa, watu husema boma limerogwa. Hawasemi mwenye boma aende hospitali.

Tena kuna afya ya iweto mwenyewe. Mwanamume anayezaa naye huenda asijulikane amepimwa virusi vya Ukimwi au la, na huenda ana mke wake kwingineko. Msichana anayetolewa na wazazi kwa sababu ya umaskini huwa na sauti ndogo ya kukataa. Yeyote anayefikiria njia hii hana budi kuhakikisha kwamba msichana ni mtu mzima, amekubali kwa hiari yake, na kwamba vipimo vimefanywa kabla ya lolote.

Jambo la kushangaza ni kwamba wazee wa jamii kadhaa nchini walijua fika kuwa mume aweza kuwa ndiye mwenye kasoro. Ndiyo maana palikuwa na mipango ya siri ya ndugu au rafiki wa mume kumsaidia kupata watoto. Walijua, lakini walinyamaza ili jina la mwanamume lisichafuke, naye mke akabeba mzigo. Ukimya huo ndio tuliourithi sisi.

MUME WA MWISHO WA MWEZI

Kuna sababu nyingine ambayo haihitaji dawa wala mganga. Ukame wa Kitui umewafanya wanaume wengi wa Migwani kwenda kutafuta kazi Thika, Nairobi na Mombasa. Mke hubaki na shamba, mbuzi na mitungi ya maji. Mume huja mwisho wa mwezi, wengine huja Pasaka na Krismasi tu.

Sasa hebu tupige hesabu. Yai la mwanamke huishi muda usiozidi siku moja baada ya kutoka. Mbegu za mume zaweza kuishi ndani ya mwili wa mke hadi siku tano hivi. Kwa hivyo siku zenye uwezekano wa mimba ni kama sita tu katika kila mzunguko. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14 tangu hedhi ilipoanza.

Mume akija Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili mchana, huenda siku hizo sita zikampita miezi mingi mfululizo. Watu hawa wawili waweza kuwa wazima kabisa, ilhali kijijini mke ameshaitwa tasa. Kabla ya kutumia pesa kwa waganga, afadhali mke aandike tarehe za hedhi yake kwa miezi mitatu au minne, na mume apange likizo kulingana na tarehe hizo.

TUANZIE WAPI?

Ushauri wa kwanza ni kwamba mume na mke waende kliniki pamoja, siku moja. Ikiwa mke amefikisha miaka 35, wasingoje mwaka mzima. Miezi sita inatosha.

Pili, mume apimwe mapema. Kipimo cha mbegu ni rahisi na hakina maumivu. Hutakiwa kukaa bila kujamiiana kwa siku mbili hadi saba, kisha atoe manii katika chupa safi yakaangaliwe katika maabara. Kwa mke, kuchunguza mirija huhitaji kuingizwa dawa katika mfuko wa uzazi na kupigwa picha ya eksirei, jambo ambalo laweza kuuma. Si haki wala si akili kumpitisha mke katika hayo yote kabla ya mume kutoa chupa moja.

Matokeo mabaya mara moja yasimvunje mtu moyo. Mbegu huchukua kama siku 70 hivi kutengenezwa, kwa hivyo homa kali ya mwezi uliopita yaweza kuziharibu kwa muda. Daktari ataagiza kipimo kirudiwe.

Tatu, jihadhari na wauzaji wa nguvu za kiume mitaani. Hata sindano za homoni ya kiume, ambazo vijana wengine hutumia ili watunishe misuli, huweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu. Mtu hujiona dume zaidi, kumbe anajifunga uzazi.

Nne, tiba ipo. Vena zilizovimba hufanyiwa upasuaji, maambukizi hutibiwa kwa dawa, na mayai yasiyokomaa husaidiwa kwa vidonge. Tangu mtoto wa kwanza wa chupa azaliwe Uingereza mwaka 1978, na tangu madaktari wa Brussels wafaulu mwaka 1992 kupata watoto kwa kudunga mbegu moja tu ndani ya yai, hata mwanamume mwenye mbegu chache sana aweza kuitwa baba. Hapa Kenya watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa mwaka 2006. Gharama yake bado ni kubwa mno kwa mwananchi wa kawaida, lakini si kila mtu huihitaji. Tena kuna kuasili mtoto kwa njia ya sheria, na mtoto huyo ni mtoto kamili.

Mwisho, mwanamke anayepigwa au kutishwa kwa sababu hana mtoto asivumilie kwa kuona haya. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inamlinda, na simu ya bure ya 1195 hupokea malalamiko ya namna hiyo.

Mavyaa nao wana kazi. Neno la mama humwingia mwana kuliko la daktari. Mama anayemwambia mwanawe, "Mwanangu, nenda ukapimwe pamoja na mkeo," huenda akaokoa ndoa, na huenda akampata mjukuu aliyemngojea.

Msomaji mpendwa, kuna methali ambayo tumezoea kuwaambia wanawake walio katika chumba cha kujifungulia: mficha uchi hazai. Umefika wakati wa kuwaambia na wanaume.