Visababishi na Utatuzi wa Kupakazika kwa Wino katika Mashine Kubwa za Kuchapia za Latex

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua tatizo la kupakazika kwa wino katika mashine kubwa za latex, ambazo hutumika kuchapia mabango, stika za magari na karatasi za ukutani. Mwendeshaji anapoona wino umepakazika, hatua inayomjia kwa wepesi ni kuongeza joto. Hoja ya makala haya ni kwamba hatua hiyo hutibu kisababishi kimoja na kukizidisha kingine. Kwa hiyo, mahali na umbo la doa havina budi kuchunguzwa kabla ya kubadili mpangilio wowote.

2.0 Namna Wino wa Latex Unavyokauka

Kampuni ya HP iliingiza wino huu sokoni mwaka 2008. Licha ya jina lake, wino huu hauna utomvu wa mpira. Latex hapa ni chembechembe za polima ya kiwandani zinazoelea ndani ya maji pamoja na rangi. Joto na upepo wa feni huyavukiza maji, kisha vimiminika vingine vinavyochelewa kuvukiza huondolewa katika sehemu ya ukaushaji wa mwisho. Hapo polima hulainika, hushikamana na kuwa utando mwembamba unaoifunga rangi juu ya malighafi ya kuchapia. Utando huo usipokamilika, chapisho hubaki na utelezi kama wa mafuta, hata linapoonekana kavu kwa macho.

3.0 Dalili na Visababishi

Kisababishi cha kwanza ni ukaushaji pungufu. Wino hutoka unaposuguliwa kwa kidole, hasa penye rangi nzito, au huhamia mgongoni mwa malighafi inapokunjwa kwenye rola ya kupokelea. Chanzo huwa ni joto dogo, kasi kubwa, wino mwingi kupita kiasi, au mpangilio wa mashine usiolingana na malighafi iliyowekwa.

Kisababishi cha pili ni mguso wa kichwa cha kuchapia. Kichwa hupita karibu mno na malighafi. Ikiinuka kidogo tu, kichwa huigusa na kuuburuta wino ambao bado ni mbichi. Alama zake ni michirizi ya mlalo, kwa kufuata mwendo wa kichwa, na aghalabu hutokea kingoni au mwanzoni mwa chapisho. Hapa ndipo joto linapokuwa adui: plastiki ya stika hupanuka inapopashwa, na inapokosa nafasi ya kutandaa hujikunja na kufanya mawimbi.

Kisababishi cha tatu ni unyuzi au vumbi lililonasa chini ya kichwa. Hili huacha mstari mwembamba na huisha kichwa kinaposafishwa.

4.0 Utaratibu wa Uchunguzi

Chukulia jora la stika lenye upana wa sentimita 137, ambalo chapisho lake ni safi katikati lakini lina michirizi kwenye ukingo mmoja. Jaribio la kwanza ni kuliacha chapisho lipoe, kisha kulisugua katikati. Wino usipotoka, ukaushaji unatosha na joto halihitaji kuongezwa. Jaribio la pili ni kuitazama malighafi ikiwa chini ya kichwa wakati wa kuchapa. Ukingo ukionekana kuinuka, tiba ni kuliweka upya jora likiwa limenyooka, kuongeza nguvu ya kufyonza hewa inayoilaza malighafi, kutumia vishikizo vya kingo pale malighafi inapoviruhusu, au kupunguza joto.

Wino ukitoka katikati, tiba ni kinyume chake: kuongeza joto la ukaushaji kidogo kidogo, au kuongeza idadi ya mipito ya kichwa ili wino upate muda wa kukauka. Kila mara kibadilishwe kigezo kimoja tu. Vikibadilishwa viwili pamoja, haitajulikana kipi kimeleta nafuu.

5.0 Hitimisho

Imebainika kuwa dalili inayofanana kwa macho inaweza kuwa na tiba zinazopingana. Gharama ya kukosea si jora lililopotea pekee. Kichwa kinachogusa malighafi mara kwa mara huweza kuharibika, na stika isiyokauka vyema ikifunikwa kwa plastiki ya kinga hubanduka ikiwa tayari mikononi mwa mteja. Uchunguzi wa doa hauna budi kutangulia marekebisho.